Michoro ya ukutani yaweza kufufua barabara za maduka, mradi wenyeji washirikishwe

MSAFIRI anayeshuka kutoka kwa matatu katika miji mingi midogo humu nchini hulakiwa na mandhari yanayofanana mno. Maduka yamejipanga pande zote mbili za barabara, na kuta zake zimepakwa rangi za kampuni: nyekundu ya soda, kijani ya huduma za kutuma pesa kwa simu, au buluu na manjano za sabuni na mafuta ya kupikia.

Mwenye duka huikubali rangi hiyo kwa moyo mkunjufu kwa sababu haimgharimu chochote. Ukuta uliochakaa hupata sura mpya, na mara nyingi jina la duka huandikwa kando ya nembo ya bidhaa. Hata hivyo, matokeo yake ni kuwa duka la Wote hufanana na la Webuye, na barabara nzima hugeuka kuwa tangazo moja refu lisilosema lolote kuhusu mji wenyewe.

Michoro ya ukutani, iliyobuniwa na wasanii kwa ushirikiano na wenyeji, ni njia mojawapo ya kuzirejeshea barabara hizo uhai. Lakini je, mchoro unaweza kweli kumvutia mnunuzi? Na ni nani anayefaa kuamua kitakachochorwa?

Funzo kutoka Tirana

Mfano unaotajwa sana ni ule wa Tirana, mji mkuu wa Albania. Mnamo Oktoba 2000, Edi Rama, mchoraji aliyekuwa ameingia katika siasa, alichaguliwa kuwa meya wa jiji hilo. Alirithi majengo mengi ya kijivu yaliyojengwa enzi ya ukomunisti, na hazina isiyokuwa na fedha za kutosha kuyakarabati. Akaamua kuanza na rangi.

Katika hotuba aliyoitoa mwaka wa 2012, Rama alisimulia kuwa jengo la kwanza lilipoanza kupakwa rangi ya chungwa, watu walikusanyika na magari yakasongamana. Afisa wa Muungano wa Ulaya aliyesimamia fedha za mradi alitaka kazi hiyo ikomeshwe kwa madai kwamba rangi hizo hazikuafiki viwango vya Ulaya. Meya alikataa.

Kwa mujibu wa maelezo yake, baadaye baadhi ya wenye maduka waling'oa mageti ya chuma waliyokuwa wameyaweka mbele ya maduka yao wakisema mtaa sasa ulikuwa salama, ilhali polisi hawakuwa wameongezwa. Rama, ambaye alikuja kuwa waziri mkuu wa nchi hiyo mwaka wa 2013, alisema pia watu walipunguza kutupa taka ovyo.

Maelezo ya hali hii si magumu. Mtaa unaoonekana kutunzwa huwafanya watu watembee polepole, wasimame na wazungumze. Penye watu wengi pana macho mengi, na mhalifu huogopa macho. Aidha, mteja anayesimama kutazama ukuta yu karibu na mlango wa duka kuliko yule anayepita mbio.

Hata hivyo, utawala huohuo wa Tirana ulibomoa maelfu ya vibanda na majengo yaliyojengwa kinyume cha sheria. Jambo hili lina uzito hapa kwetu, ambako shughuli za kupamba miji mara nyingi huandamana na kufurushwa kwa wachuuzi. Barabara iliyopakwa rangi huku mama mboga akipoteza mahali pake pa kuuzia imewanufaisha baadhi ya watu kwa hasara ya wengine.

Wakazi washika brashi

Jiji la Philadelphia nchini Marekani lilifuata njia nyingine. Mnamo 1984, meya Wilson Goode alianzisha mpango wa kupambana na vijana waliokuwa wakichafua kuta kwa maandishi. Msanii Jane Golden alipewa jukumu la kuwageuza vijana hao kuwa wachoraji. Mpango huo umezaa maelfu ya michoro katika mitaa ya jiji hilo.

Siri ya mafanikio yake ni kwamba wakazi hukutana na msanii kabla ya ukuta kuguswa, wakajadili historia ya mtaa wao na wangependa kuona nini. Vilevile, sehemu nyingi huchorwa juu ya vipande vya kitambaa maalumu chepesi ndani ya kumbi na shule, kisha vipande hivyo hubandikwa ukutani. Kwa njia hiyo, mtoto au mzee asiyeweza kupanda jukwaa naye hushiriki.

Mwaka wa 2009, msanii Stephen Powers, aliyewahi kuwa mwandishi wa grafiti, alichora kuta 50 magharibi mwa jiji hilo kando ya reli inayopita juu ya barabara ya Market, ambayo ni barabara ya biashara. Maneno ya mapenzi aliyoyaandika juu ya maduka husomwa na abiria walio kwenye treni, na mtaa ambao wengi waliupita tu ukapata sababu ya kutazamwa.

Vipaji tunavyo

Kenya haina uhaba wa vipaji. Kwa miaka mingi, wachoraji wa mitaani wamekuwa wakipamba vinyozi, bucha na hoteli kwa picha na maandishi ya mkono. Matatu nazo zimekuwa kama maonyesho ya sanaa yanayotembea. Kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka wa 2004 zililazimisha magari hayo yawe na mstari wa manjano, jambo lililodhoofisha kazi ya wachoraji, lakini sanaa hiyo ilirejea tena kwa kishindo. Kwa sasa mabango yanayochapishwa kwa kompyuta yamepunguza kazi za wachoraji wa kuta. Kuwaajiri katika barabara za maduka kungewapa riziki na heshima.

Ukuta pia una sauti. Mwaka wa 2012, kabla ya Uchaguzi Mkuu wa Machi 2013, mwanaharakati Boniface Mwangi na wasanii wenzake walichora katikati mwa jiji la Nairobi picha zilizowaonyesha wanasiasa kama tai walaji mizoga. Wapita njia walisimama, wakajadiliana. Tukio hilo lilidhihirisha kwamba mchoro hauishii katika kupendeza macho.

Kinyume cha hayo ni rangi inayoletwa kwa amri. Mwaka wa 2018, serikali ya Kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya katikati mwa jiji na Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe na buluu. Lengo lilikuwa kuupa mji sura moja nadhifu, lakini baadhi ya wenye majengo walilalamikia gharama. Anayelipia rangi bila kuulizwa maoni yake huiona kama kodi nyingine.

Sheria na maandalizi

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la kudhibiti matangazo ya nje pamoja na shughuli za kitamaduni. Kwa hivyo, mwenye duka anayetaka mchoro anashauriwa kupata kwanza idhini ya mwenye jengo kwa maandishi, kisha aulize katika ofisi za kaunti iwapo kibali kinahitajika. Mchoro ukiwa na nembo ya bidhaa, huenda ukahesabiwa kuwa tangazo na kutozwa ada.

Msanii naye ana haki zake. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 hulinda kazi za sanaa katika uhai wa msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, na humpa uwezo wa kupinga kazi yake inapopotoshwa. Ni vyema mkataba ueleze mapema nani ataugharamia ukarabati, na nini kitafanyika jengo likiuzwa.

Kuhusu kazi yenyewe, kosa la kawaida ni kuanza na picha kabla ya ukuta. Ukuta unaofyonza maji kutoka ardhini au kutoka kwa mfereji uliovunjika utabambua rangi hata iwe ya bei gani. Nyufa zizibwe, rangi iliyolegea ikwanguliwe, na plasta mpya iachwe ikauke kwa takriban mwezi mmoja. Rangi kuukuu za mafuta huenda zina madini ya risasi, hivyo zikwanguliwe zikiwa zimeloweshwa, na watoto wawe mbali.

Baadaye hupakwa rangi ya msingi, kisha mchoro huhamishwa kutoka kwa karatasi kwa kugawanya ukuta katika miraba. Rangi ya maji iliyotengenezewa kuta za nje ndiyo bora. Katika maeneo mengi ya nchi, kazi hii hufaa Januari na Februari au kuanzia Juni hadi Septemba, kabla ya mvua za masika na za vuli. Jua letu ni kali, hivyo pawe na akiba ya kuirudia rangi itakapofifia.

Pasipo akiba hiyo, mchoro uliochubuka huufanya mtaa uonekane umetelekezwa kuliko ukuta mtupu. Isitoshe, rangi haizibui mitaro wala haizoi taka. Barabara yenye michoro ya kupendeza na mtaro unaonuka itakuwa kama ule uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wafanyabiashara wanaotaka kujaribu hawahitaji kungoja mradi mkubwa. Wanaweza kuchagua ukuta mmoja unaoonekana kutoka kituo cha matatu, wakachanga fedha, wakamtafuta mchoraji wa mtaani na kuitisha kikao cha wenye maduka, wachuuzi, wahudumu wa bodaboda na wazee wa mtaa. Swali la kwanza katika kikao hicho liwe: mgeni akishuka hapa, tungependa ajue nini kutuhusu?