Chuma Kilichopita Motoni

[MUZIKI WA KIPINDI, SEKUNDE 10, UNAPUNGUA]

MTANGAZAJI: Leo tuko Mocímboa da Praia, karibu na bandari. Mji huu ulitekwa Agosti 2020, na Agosti 2021 ukarudi mikononi mwa serikali kwa msaada wa jeshi la Rwanda. Wenyeji wengi wamerejea. Kwenye magofu wanaokota mabati, nondo na bolti ili wajenge upya. Je, chuma kilichoungua kinafaa tena? Fundi, karibu.

FUNDI: Ahsante, dada. Kwanza, ukikuta kwenye kifusi kitu usichokijua, usikiguse. Weka alama mbali nacho, uwaarifu wakuu.

MTANGAZAJI: Tumesikia. Sasa, moto hukifanyia nini chuma?

FUNDI: Hukilainisha. Chuma cha kawaida hubaki na nguvu hadi nyuzi joto 400 hivi. Kikifika 600, kimebaki na nusu ya nguvu, au chini yake. Kwenye 800 ni kama sehemu moja ya kumi. Na nyumba ikiungua, joto linaweza kupita hapo. Ndiyo maana boriti za chuma hupinda na paa kuanguka.

MTANGAZAJI: Kikipoa, nguvu hairudi?

FUNDI: Inategemea kilivyotengenezwa. Nondo ya kawaida iliyopoa taratibu hurudisha sehemu kubwa. Bati ni tofauti. Ugumu wake umetokana na kukandamizwa likiwa baridi, na moto huuondoa kabisa. Tena zinki inayolikinga huyeyuka kwenye nyuzi 419. Bati hilo litatobolewa na chumvi ya bahari, na upepo utalichana kwenye misumari. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 hatujakisahau.

MTANGAZAJI: Na nondo iliyomwagiwa maji ikiwa bado nyekundu?

FUNDI: Hiyo ni hatari. Inaweza kuwa ngumu lakini ikakatika kama kigae. Chuma kizuri hupinda kwanza, kinakupa nafasi ya kukimbia. Kata kipande, ukipinde polepole. Kikionyesha ufa, acha.

MTANGAZAJI: Wavuvi wanauliza kuhusu bolti za stenlesi, zile zisizoshika kutu.

FUNDI: Stenlesi huvumilia moto mkali kuliko chuma cha kawaida. Lakini ina siri yake. Kinachoikinga ni madini ya kromiamu. Ikikaa kwenye joto la kati ya nyuzi 450 na 850, kromiamu inaweza kushikana na kaboni, na kinga ikapungua ndani. Kwa macho bolti ni nzima, lakini maji ya chumvi huila kidogo kidogo. Siku moja inakatika mko baharini.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo tufanyeje?

FUNDI: Bati lililoungua lifanye uzio au banda la kuku, si paa la watoto. Nondo iliyopinda au kubanduka magamba isibebe zege. Iliyonyooka, aitazame mhandisi kwanza. Bolti za boti na nyaya za kunyanyulia mizigo, nunua mpya.

MTANGAZAJI: Mpya ni ghali, fundi.

FUNDI: Kweli, dada. Basi pesa kidogo uliyo nayo, anza na paa na boti. Uzio utasubiri.

MTANGAZAJI: Msikilizaji, mwambie na jirani anayejenga. Kwaheri ya kuonana.

[MUZIKI UNAPANDA, MWISHO]