Fedha za Abiria wa Meli ya Kitalii na Namna ya Kuzipokea Zinapofika Ufukweni

Meli ya kitalii inapotia nanga Kilwa, abiria hushushwa kwa boti ndogo, huzuru magofu ya Kilwa Kisiwani au Songo Mnara kwa saa chache, kisha hurejea melini siku hiyohiyo. Katika saa hizo wauzaji wa mikeka na vikapu vya ukili, wauza madafu, waongoza watalii na wenye boti hutarajia kujipatia riziki. Hata hivyo, si mara chache mgeni hupendezwa na kikapu, akakubali bei, kisha akaonekana hana hata shilingi moja mkononi. Wapo wanaodhani kuwa huo ni ubahili. Sababu yake hasa ni utaratibu wa fedha anaouishi mgeni huyo akiwa safarini, na mwenye kuuelewa utaratibu huo ndiye atakayeuza.

Melini fedha taslimu hazitembei

Katika meli nyingi za kitalii za siku hizi, abiria halipi kwa noti. Anapopanda hupewa kadi yenye jina lake. Kadi hiyo hufungua mlango wa chumba chake, humtambulisha anapotoka na kuingia melini, na huandikisha kila anachonunua. Kinywaji, ufuaji wa nguo na bidhaa za dukani vyote huingizwa katika hesabu yake, na katika kampuni nyingi hata bakshishi ya wahudumu huongezwa humo kila siku. Hesabu hiyo hufungwa mwishoni mwa safari, ama kwa kukata fedha katika kadi ya benki aliyoisajili mwanzoni, ama kutoka katika fedha taslimu alizoweka kwa wahudumu wa mapokezi.

Kadi ya meli haina thamani nje ya meli. Abiria anaweza kuishi siku kadhaa bila kugusa noti, na kadi zake za benki zikawa zimefungiwa katika kisanduku cha usalama chumbani. Akisahau kuichukua mojawapo kabla ya kushuka, atafika ufukweni akiwa na kadi isiyoweza kununua hata dafu.

Lipo pia jambo la fedha kuzuiliwa. Abiria akisajili kwa ajili ya hesabu ya meli kadi inayochota moja kwa moja katika akaunti yake, benki huweza kuzuia kiasi fulani kama dhamana, nacho huachiliwa siku kadhaa baadaye. Fedha zinakuwapo lakini hazitumiki. Kwa sababu hiyo wasafiri wazoefu husajili kadi ya mkopo kwa ajili ya meli, na hubaki na kadi nyingine ya matumizi ya nchi kavu. Huzitunza mahali tofauti ili moja ikipotea nyingine ibaki, na huiarifu benki yao mapema nchi watakazopitia, ili malipo ya ghafla kutoka mji wa mbali yasidhaniwe kuwa ni wizi na kadi ikafungwa.

Tena, meli hupita nchi nyingi kwa muda mfupi. Anayetoka Mombasa kwenda Zanzibar, Kilwa na hatimaye Msumbiji hukutana na shilingi mbili tofauti na metikali. Shilingi itakayombakia haibadilishwi kwa urahisi mbali na Afrika Mashariki. Ndiyo maana wengi hubeba dola au yuro chache pamoja na kadi, na hawaoni haja ya kubadilisha fedha nyingi kwa ajili ya nusu siku.

Sheria yataka shilingi

Hapo ndipo muuzaji anapoingia katika hatari asiyoitambua. Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025, zilizotangazwa tarehe 28 Machi 2025, zinakataza kutaja bei ya bidhaa au huduma kwa fedha za kigeni hapa nchini, na zinakataza pia kupokea malipo kwa fedha hizo, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa ndani ya kanuni zenyewe. Biashara ya vikapu, madafu na usafiri wa boti haimo katika mambo hayo. Kibao kinachosema kikapu ni dola 10 ni kosa, na kuipokea hiyo dola 10 ni kosa.

Bei na iandikwe kwa shilingi, kwa tarakimu zinazosomeka, ili mgeni asiyejua Kiswahili aione bila kuuliza. Mwenye dola aelekezwe kubadilisha benki au katika duka la fedha lenye leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, kabla ya kuanza matembezi. Asibadilishiwe na mtu wa kando ya barabara, kwa kuwa biashara hiyo haifanywi bila leseni, na humo ndimo noti bandia hupenyezwa.

Kudai sarafu ya nyumbani si jambo geni Kilwa. Masultani wa mji huu walitengeneza sarafu zao za shaba karne nyingi zilizopita, na mwaka 1944 baadhi ya sarafu hizo ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Kupokea malipo kwa kadi

Njia inayomfaa zaidi mgeni wa saa chache ni kadi. Malipo hufanyika kwa shilingi, benki yake hubadilisha fedha huko kwao, na muuzaji hubaki ndani ya sheria. Lipa Namba ya simu ni nzuri kwa wateja wa nyumbani, lakini mgeni asiye na laini ya Tanzania kwa kawaida hawezi kuitumia. Anayetaka kupokea kadi za kigeni huomba mashine ya malipo benki, akiwa na akaunti na nyaraka za biashara ambazo benki itazitaja.

Mwenye mashine azingatie mambo haya:

Kwanza, kadi isiondolewe machoni pa mwenyewe. Mgeni aiingize au aigusishe mwenyewe, na namba ya siri aiandike yeye. Kunakili namba za kadi ya mteja ni mwanzo wa mashitaka.

Pili, kiasi kionyeshwe kwa mteja kabla hajakubali. Mashine nyingine huuliza iwapo mteja atalipa kwa shilingi au kwa fedha ya kwao. Uchaguzi huo ni wa mteja, na wengi huchagua shilingi kwa kuwa kiwango cha ubadilishaji kinachotolewa na mashine mara nyingi huwa ghali.

Tatu, mtandao ukikatika katikati ya malipo, muuzaji ahakiki kwanza kama malipo yamepita ndipo arudie. Mgeni aliyekatwa mara mbili atalalamika benki kwake, na fedha zinaweza kurudishwa kutoka katika akaunti ya muuzaji. Kwa sababu hiyohiyo risiti zitunzwe.

Nne, benki hukata ada katika kila malipo, na fedha haziingii papo hapo. Mwenye boti anayehitaji mafuta ya safari ya kurudi asitegemee malipo ya kadi ya asubuhi ileile.

Noti, chenji na malipo yaliyokwisha fanyika

Mgeni atakayechukua fedha katika ATM atapata zaidi noti za shilingi 10,000. Muuzaji wa bidhaa ya shilingi 3,000 asiye na chenji atapoteza mauzo, maana mgeni hana muda wa kusubiri noti ivunjwe mtaani. Chenji itafutwe siku moja kabla.

Mwongoza watalii aliyepewa noti ya dola kama bakshishi aipeleke benki. Serikali ya Marekani haijafuta noti zake za zamani, lakini katika ukanda huu noti zenye miaka mingi, zilizochanika au kuandikwa kwa kalamu mara nyingi hukataliwa, au hupokelewa kwa kiwango cha chini.

Izingatiwe pia kwamba abiria wengi hulipia ziara ya magofu wakiwa bado melini, kupitia hesabu yao, na kampuni hupeleka fedha kwa wakala wa nchi kavu. Mgeni huyo anaposema amekwisha lipa, kwa kawaida husema kweli. Mwongoza watalii au mwenye boti amalizane na wakala. Kumdai mgeni mara ya pili ni kumdhulumu, na malalamiko yake huifikia kampuni inayopanga kama meli itarudi.

Huduma zilizo karibu

Si lazima kila muuzaji awe na mashine yake. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kufungua akaunti moja, kikaomba mashine moja na kugawana mauzo kwa daftari. Usajili wa vikundi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu huweza pia kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Ushauri kuhusu leseni ya biashara hutolewa na ofisi ya biashara ya halmashauri.

Maombi ya mashine na ya mikopo huchukua muda kushughulikiwa, na meli haisubiri. Kikundi kinachokusudia kuuza katika msimu ujao kinashauriwa kufika ofisi ya kata mapema, kikiwa na majina ya wanachama wake na daftari la mauzo.