Muhogo Mchungu na Mgeni wa Kale Ndani ya Seli

Ukitoka Lindi kwenda Masasi, Nanganga ndipo barabara ya Ruangwa inapochepuka. Kuanzia hapo hadi Newala, juu kwenye uwanda wa Wamakonde, muhogo ni chakula cha kutegemewa, na mwingi ni mchungu. Wakulima huupanda kwa makusudi, maana nguruwe na nyani hawauharibu sana. Mwaka 1988, njaa ilipobana, watu wilayani Masasi walipata sumu kwa kula unga wa chinyanya: muhogo mbichi uliotwangwa, ukaanikwa na kuliwa upesi, badala ya makopa yanayokaa juani siku nyingi.

Kwa nini upesi udhuru? Jibu limo ndani ya seli. Wajerumani wawili, Schleiden mwaka 1838 kwa mimea na Schwann mwaka 1839 kwa wanyama, walionyesha kwamba kila kiumbe kimejengwa kwa vijumba hivyo vidogo. Mwaka 1855 Virchow akasisitiza kwamba seli huzaliwa na seli.

Muhogo hutumia vijumba hivyo kama mtu aliyeweka baruti chumba kimoja na kiberiti chumba kingine. Linamarini, kemikali yenye sumu ya sianidi iliyofungwa ndani yake, hukaa kwenye mfuko wa katikati ya seli. Kimeng'enya cha kuifungua hukaa kwenye ukuta. Muhogo ukiwa mzima, viwili hivyo havikutani. Ukishuka mchi, kuta hupasuka, vinakutana, na sianidi inaachiwa. Hiyo ni gesi. Ikipata muda na hewa, huondoka. Mama anayetwanga kisamvu kabla ya kukibandika jikoni anafanya kazi hiyo hiyo ya kuvunja mamilioni ya kuta. Lakini kutwanga peke yake hakutoshi, na muda ndio njaa ya 1988 ilioupokonya.

Sumu iliyobaki ikiliwa huelekea kwenye mitokondria, viungo vidogo vinavyoipatia seli nguvu. Humo mna protini inayopokea oksijeni mwisho wa safari ya chakula. Sianidi huishika protini hiyo na kuizuia. Damu inakuwa na oksijeni tele, ila seli haziwezi kuitumia. Sumu ndogo ndogo ya kila siku, hasa mlo ukikosa kunde, mbaazi au samaki, inaweza kuleta konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu moja kwa moja. Mkoa wa Mtwara umewahi kuuona.

Na mitokondria yenyewe si mwenyeji. Mwaka 1905 Mrusi Mereschkowski alidai kwamba kloroplasti, zinazokipa kisamvu ukijani wake, zilikuwa viumbe huru hapo zamani. Wengi hawakumjali. Mwaka 1967 Mmarekani Lynn Margulis alichapisha hoja pana zaidi, mitokondria ikiwemo, baada ya majarida mengi kumkatalia. Leo ushahidi uko wazi: zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, seli moja ilimpokea bakteria ndani yake bila kummeng'enya, wakaishi pamoja. Mitokondria bado hugawanyika sehemu mbili kama bakteria, na ina DNA yake ya duara, herufi 16,569 kwa binadamu, tunayoirithi kwa mama.

Jeni nyingi za mgeni huyo zilihamia kwenye kiini cha seli. Zilizobaki kwake ni 37, na 13 kati yake ndizo zinazotengeneza protini. Tatu kati ya protini hizo ni vipande vya ile inayopokea oksijeni, na kipande ambacho sianidi hukishika ni kimojawapo. Kila nikilifikiria hili nastaajabu: sumu ya shamba la Newala inatudhuru mahali ambapo maelekezo yake bado yameandikwa kwa mkono wa bakteria.

Uwandani maji yalikuwa yakichotwa mabondeni, mbali, hivyo kuloweka muhogo siku tatu ili kuitoa sumu kulikuwa anasa. Lakini kimeng'enya kilichokauka pamoja na unga huamka kikipata maji. Unga wenye mashaka uchanganywe na maji, utandazwe uwe mwembamba juu ya mkeka, kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sianidi inapaa, na ugali unasongwa siku hiyo hiyo.