Je, Wajua? Shavu la Mguu Huweza Kuziba Jeraha la Kisigino

Ngozi ya kisigino ni ngumu kupatiwa mbadala. Ni nene, haina vinyweleo, na chini yake mafuta yamefungwa katika vyumba vidogo vya nyuzi imara vinavyopokea kishindo cha kila hatua. Ndiyo maana mtoto aliyepakiwa kwenye pikipiki, mguu ukanaswa na spoki za gurudumu, huwapa madaktari kazi nzito.

Mfupa au kano ikibaki wazi, ngozi nyembamba ya kupandikiza haishiki, kwani haina damu yake yenyewe.

Mwaka 1992, daktari Mfaransa Alain Masquelet na wenzake walieleza njia ambayo sasa inatumika sana. Kipande cha ngozi, mafuta na utando wake huinuliwa nyuma ya shavu la mguu bila kutenganishwa kabisa. Huachiwa kikonyo chenye mishipa ya damu, kisha hugeuzwa kuelekea chini hadi kisiginoni. Mpasuaji huacha kukata takriban sentimita 5 juu ya kifundo cha nje. Akishuka zaidi, anaweza kukata vijishipa vinavyokilisha kipande chote.

Siku za mwanzo ndizo za hatari. Mguu huinuliwa, mgonjwa hakilalii kipande, na wauguzi hukikagua mara kwa mara. Kikivimba na kuwa cha zambarau, damu inaingia lakini haitoki.

Jeraha dogo huweza kuzibwa kwa ngozi ya uvungu wa wayo, ikahamishwa pamoja na neva yake. Hilo ni jambo kubwa: mgonjwa huendelea kuhisi anapokanyaga msumari.