Muundo na Utawala wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji: Usawa wa Kura na Nguvu ya Fedha

Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, lenye makao makuu Geneva, lilianzishwa mwaka 1951 ili kuwasaidia watu wa Ulaya waliopoteza makazi kutokana na Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Lilipata jina lake la sasa mwaka 1989. Mwaka 2016 lilijiunga na mfumo wa Umoja wa Mataifa, huku likibaki na katiba na baraza lake. Makala haya yanafafanua vyombo vinavyoliongoza na kubainisha ni nani hasa anayeamua kazi zake.

Kwa mujibu wa Katiba, chombo cha juu kabisa ni Baraza. Kila nchi mwanachama ina kura moja, iwe Ujerumani, iwe Tanzania. Baraza hupanga sera, hupitisha bajeti na humchagua Mkurugenzi Mkuu kwa theluthi mbili ya kura, kwa kipindi cha miaka mitano. Chini yake ipo Kamati ya Kudumu ya Programu na Fedha, ambayo wanachama wote wanaweza kushiriki. Usawa huo si wa maandishi tu. Mwaka 2018 wanachama walimkataa mgombea wa Marekani, nchi iliyokuwa mfadhili mkubwa, wakamchagua António Vitorino wa Ureno.

Hata hivyo, bajeti ina sehemu mbili zisizolingana. Sehemu ya utawala, ambayo ni ndogo, hugharimiwa na michango ya lazima ya wanachama. Anayelimbikiza deni la miaka miwili anaweza kupoteza haki ya kupiga kura. Sehemu ya shughuli, ambayo ni kubwa mno, hutegemea michango ya hiari, na Katiba yenyewe inamruhusu mchangiaji kuweka masharti ya matumizi ya fedha zake. Kwa hiyo, mradi mmoja hupata fedha na mwingine hukosa pasipo Baraza kupiga kura.

Athari zake zilidhihirika Machi 2025. Shirika lilitangaza kuwa ufadhili uliotarajiwa mwaka huo ungepungua kwa takribani asilimia 30, hususani kutokana na kupunguzwa kwa miradi iliyofadhiliwa na Marekani, na kwamba wafanyakazi zaidi ya 6,000 wangeathirika. Nchi ambayo mwaka 2018 haikuweza kumpitisha mgombea wake iliweza, kwa uamuzi wake pekee, kutikisa shughuli za Shirika zima.

Hivyo basi, Shirika hili lina tawala mbili zinazokwenda sambamba: utawala wa kura, unaochagua viongozi na kupitisha sera, na utawala wa masharti ya ufadhili, unaoamua ni mhamiaji yupi atafikiwa na msaada, wapi na kwa muda gani. Uchunguzi unaoishia kwenye maazimio ya Baraza bila kupitia mikataba ya ufadhili utaeleza nusu tu ya utawala wake.