Sauti Iliyo Karibu: Mwenda Jean Bosco Mbele ya Mikrofoni

Wapenzi wa sauti safi, yaani wale watoao mali nyingi kununua spika na vikuza sauti ili muziki uwafikie kana kwamba mwimbaji ameketi nao chumbani, wana kaida moja ya kustaajabisha: wanapotaka kupima vyombo vyao, aghalabu hawaichagui bendi kubwa yenye safu za tarumbeta, bali huchagua santuri ya mtu mmoja aimbaye kwa sauti ya chini, akifuatana na ala moja au mbili tu. Miongoni mwa santuri za jazi zinazoenziwa kwa sababu hiyo ni Julie Is Her Name ya Mmarekani Julie London, iliyotoka mwaka 1955, ambayo ndani yake hamna ila sauti yake, gitaa la Barney Kessel na besi ya Ray Leatherwood. Mwimbaji huyo mwenyewe alikiri kwamba sauti yake ilikuwa ndogo, na kwamba udogo huo ulimlazimu kusogea karibu kabisa na mikrofoni.

Msomaji wa Kasongo au Kabambare huku Maniema, walakini, hana haja ya kuvuka bahari kuutafuta uzuri wa namna hiyo. Tarehe 4 Februari 1952, miaka mitatu kabla ya santuri ile, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka nchi za Afrika kunasa muziki wa wenyeji, alimkuta katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, kijana aliyeshika gitaa, jina lake Mwenda Jean Bosco. Kijana huyo alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, katika kabila la Wayeke, ambao ufalme wao ulisimamishwa na Msiri, mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi zama zile zile za misafara zilizomleta Tippu Tip hata Kasongo. Basi si ajabu kwamba nyingi katika nyimbo zake ni za Kiswahili, nasi wa Maniema twazifahamu bila mkalimani, ijapokuwa lafudhi ya Katanga ina namna yake.

Ni nini hasa kinachoifanya sauti iliyonaswa ionekane kuwa karibu? Jambo la kwanza ni masafa. Sauti itokayo kinywani hutawanyika pande zote, na kila masafa yanapozidi mara mbili, nguvu yake hupungua hata ikabaki robo. Ama mwangwi unaorudishwa na kuta, huo hubaki karibu sawa popote mikrofoni iwekwapo chumbani. Kwa hiyo mikrofoni ikiwa mbali hupokea chumba zaidi kuliko mtu, na ikiwa karibu humpokea mtu zaidi kuliko chumba: pumzi anazovuta kabla ya neno, ulimi unapogusa meno, kidole kinapoteleza juu ya uzi wa gitaa. Zaidi ya hayo, mikrofoni nyingi zilizotengenezwa kusikiliza upande mmoja huzidisha sauti nzito msemaji anapozisogelea, ndiyo maana sauti nyembamba hupata joto na uzito ambao haina inaposikika uwanjani. Masikio yetu yamezoea tangu utotoni kwamba pumzi ya mtu husikika anapokuwa ubavuni petu tu. Yakiisikia kutoka katika spika, huamini kwamba mtu huyo yupo. Hapo ndipo ilipo tofauti baina ya muadhini, ambaye sharti afike hata nyumba ya mwisho ya mtaa, na mzee akuhadithiaye barazani, ambaye hana haja ya kukufikia kwani mmeketi pamoja.

Jambo la pili ni mizani baina ya sauti na gitaa, na hapa kazi ya Tracey yastahili kusifiwa kwa dhati. Hakuwa na meza ya kuchanganyia sauti kama zilizomo studio za leo. Alikuwa na kaida ya kuishika mikrofoni kwa mkono wake mwenyewe, akiisogeza na kuielekeza kwa kadiri sikio lake lilivyomwamuru. Lakini sehemu iliyo kubwa ya mizani hiyo ilikuwa katika vidole vya Bosco. Alipiga kwa vidole viwili, dole gumba likishika nyuzi nzito na kuendesha mwendo, na kidole cha shahada kikiusuka wimbo juu yake, hata msikilizaji asiyejua hudhani wapigaji ni wawili. Na juu ya msuko huo aliimba kwa utulivu wa mtu anayezungumza, bila kulishindania gitaa lake. Angepiga kwa nguvu zaidi kuliko alivyoimba, hapangekuwa na fundi wa kulisahihisha kosa hilo baadaye. Kipande chake kiitwacho Masanga kiliwashughulisha wataalamu hata David Rycroft akaandika uchambuzi mrefu wa upigaji wake, mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika jarida la African Music. Nami naona wimbo wake Bombalaka haustahili heshima ndogo kuliko hicho.

Tukumbuke pia kwamba upande mmoja wa sahani ya mizunguko 78 kwa dakika, kama zilizouzwa kwa chapa ya Gallotone, haukuchukua muziki zaidi ya dakika tatu hivi. Mpigaji alilazimika kuufikisha wimbo mwisho wake katika wasaa huo, kwa pumzi moja, bila kurudia mahali alipokosea na kupaunganisha.

Leo wengi wetu twazisikiliza nyimbo hizi kwa spika ndogo ya simu, na hapo ndipo nusu ya mali yetu hupotea. Uzi mzito kabisa wa gitaa hutikisika mara 82 kwa sekunde, na spika ndogo kiasi hicho haina uwezo wa kuusukuma upepo polepole namna ile. Dole gumba la Bosco hutoweka, kikabaki kidole cha shahada kikicheza peke yake hewani. Visikizi vya bei nafuu vikikaa vema masikioni huyarudisha mengi ya hayo. Asikilizaye hivyo rekodi za 1952 atasikia pia mvumo wa nyuma, nao usimkere: baada ya nusu dakika sikio huuzoea na kuuacha.

Bosco alirudi mbele ya mikrofoni mara nyingi, hata mwaka 1988 akanaswa katika studio huko Cape Town, miaka miwili kabla ya kufariki kwa ajali ya gari nchini Zambia. Rekodi hizo za mwisho ni nadhifu kuliko za kwanza, nazo nazipenda. Lakini ningelazimishwa kuchagua, ningechagua zile za Jadotville, kwa kuwa ndani yake kijana anapiga kama mtu asiyejua bado ni nani watakaomsikia.

Rekodi za Tracey zimehifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki aliyoiasisi mwaka 1954. Sisi wa Kasongo, Kabambare na Wamaza tunao wazee wenye kasida, nyimbo za harusi na za safari, na simu tulizo nazo zatosha kuanza kuzinasa. Ichaguliwe nyumba yenye mikeka na mapazia, si ukumbi mtupu wa saruji, jenereta izimwe, simu ilazwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, kiasi cha shubiri mbili kutoka kinywani mwa mwimbaji, pembeni kidogo ili pumzi isiigonge. Yanaswe kwanza maneno machache ya kujaribia, yasikilizwe kwa visikizi, simu isogezwe mpaka sauti na ala zilingane; kisha mzee aachwe aimbe hata mwisho bila kukatizwa. Jina lake, mahali na tarehe viandikwe siku ile ile, na nakala zihifadhiwe nyumba mbili mbalimbali.