Mwenzako Akizidiwa na Kileo, Usimfiche

Vyuo vinapofungua milango, wazazi wengi humhimiza kijana wao mambo mawili: asome kwa bidii, na asitapanye fedha. La tatu hawalitaji, ama kwa haya, ama kwa kuamini kwamba mtoto wao si mnywaji. Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko kijana aendaye chuoni, tunakuomba umwambie na hilo la tatu: mwenzake akizidiwa na kileo, asimfiche.

HATARI YA MWILI

Ini huondoa pombe mwilini polepole, kiasi cha kinywaji kimoja kidogo kwa saa. Kahawa nzito, maji ya baridi wala kutembezwa uwanjani haviliharakishi. Tena, pombe iliyobaki tumboni huzidi kuingia katika damu hata baada ya mtu kulala. Anayekoroma bwenini saa sita za usiku huenda akawa mahututi saa nane. Pombe nyingi hudhoofisha pumzi, na akitapika hali amelala chali huweza kupaliwa akafa, wenzake wakidhani yumo usingizini. Hatari huongezeka akiwa amemeza pia vidonge vya usingizi au vya maumivu makali.

Gongo na pombe kali za bandia zina balaa jingine. Huweza kuwa na methanoli, ambayo mwilini hugeuka sumu ishambuliayo mishipa ya macho. Dalili huweza kuchelewa hadi siku ya pili: tumbo kuuma, pumzi kwenda mbio, macho kuona ukungu. Mwezi Mei 2014, nchini Kenya, makumi ya watu walikufa kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka.

MKONO WA SHERIA

Kwa nini basi wenzake hunyamaza? Wanaogopa kufukuzwa chuo na kukamatwa. Hofu hiyo haikosi msingi. Sheria ya Tanzania ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haimtazami muuzaji peke yake. Kumpa mwenzako bure, kumhifadhia, au kumsafirishia mzigo wake, yote yaweza kuhesabiwa kuwa ni biashara ya dawa hizo, ambayo adhabu yake hufika kifungo cha maisha. Mwenye chumba anayeruhusu zitumiwe humo naye ana kosa. Hata mirungi, ambayo nchini Kenya ni zao halali la shambani, ni haramu mara tu uvukapo mpaka kuingia Tanzania. Basi mwanafunzi akiombwa "nishikie begi hili mpaka kesho," na akatae pasipo kuona haya.

Lakini hofu ya sheria mahali pake ni kabla ya kosa. Mtu akiwa hoi, hofu hiyo haina budi kuwekwa kando, kwani kosa la chuo huweza kujibiwa na kifo hakijibiwi.

LA KUFANYA

Mgonjwa alazwe ubavu, asiachwe peke yake, wala asilazimishwe kutapika. Asipoamka aitwapo na kufinywa, akipumua kwa kusitasita, au midomo ikigeuka rangi na mwili kuwa baridi, apelekwe hospitali mara moja kwa gari lolote lipatikanalo. Mlinzi na mlezi wa bweni waamshwe. Daktari aelezwe kweli yote: alikunywa nini, kiasi gani, na saa ngapi. Kumdanganya daktari ni kumnyima mgonjwa dawa inayomfaa.

Nawe mzazi, mwambie mwanao kwamba akikupigia simu usiku wa manane kwa habari ya namna hii, utaipokea na utamsaidia kwanza; maonyo yatafuata asubuhi. Kijana anayejua hivyo hatasitasita kumwokoa mwenzake, au kuomba aokolewe yeye.